Tumbo la Chombo

Juu ya kabati la vitabu nyumbani kwangu, hapa Tanga, pamekaa chombo cha maua cha mti wa mwembe. Kimo chake hakizidi shubiri moja na nusu. Tumbo lake ni nene, shingo yake ni fupi, na mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba kidole gumba changu hupita kwa taabu. Kutoka chini kitakoni hadi nusu ya ubavu kina ufa, kwa hiyo maua hakijapata kutiwa hata siku moja. Hata hivyo kila mgeni anayekiona hukinyanyua, hushangaa wepesi wake, hukichungulia kwa jicho moja kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, kisha huuliza swali lile lile: "Mwalimu, huko ndani ulitoaje?"

Swali hilo ni la haki. Ya nje kila mtu anaona jinsi yalivyochongwa. Ya ndani ndiyo yenye maneno. Kwa miaka mingi nimelijibu kwa mkato, nikisema kwamba kuna patasi zilizopindwa, basi yakaisha. Leo nataka kulijibu kwa urefu, maana jibu lake limepita nchi nyingi na karne nyingi, na mwisho linarudi barazani kwa babu yangu, mahali ambapo sirudi kwa fahari.

Babu mzaa baba alikuwa mkerezaji. Alizaliwa Lamu, akaja Tanga akiwa kijana, akaweka kazi yake Ngamiani katika kibanda cha makuti chini ya mwembe. Kwa wasiolijua neno hili, kukereza ni kuuzungusha mti na kuukata huku unazunguka, na wazee wa kwao chombo cha kazi hiyo walikiita keezo. Siku hizi vijana wa karakana husema "mashine" tu, na mashine ziko nyingi, hata mtu hajui ni ipi inayosemwa.

Keezo la babu halikuwa na chuma zaidi ya misumari miwili minene iliyochongoka. Vilikuwa vichwa viwili vya mti mgumu vilivyolazwa sakafuni. Kimoja kimekazwa, cha pili kikisogezwa kulingana na urefu wa kazi. Mti ulibanwa baina ya ncha zile mbili. Kamba ya uta, mfano wa uta wa keekee, ilizungushwa mara moja kwenye mti, na babu, akiwa ameketi chini, aliusukuma na kuuvuta uta kwa mkono wa kulia, akashika patasi kwa mkono wa kushoto, na ncha ya patasi akaiongoza kwa vidole vya mguu. Naam, kwa vidole vya mguu. Wapita njia walisimama kuutazama mguu ule kuliko walivyoitazama kazi.

Mti ulizunguka mbele, kisha ukarudi nyuma. Ulipokuja upande wake patasi ilikata. Uliporudi aliiachia kidogo, kiasi cha unywele. Kazi nyembamba aliimudu peke yake. Lakini mguu mnene wa kitanda uliushinda uta, na hapo ndipo aliponiita mimi. Nilikaa ng'ambo ya keezo, nikashika ncha mbili za kamba, nikavuta mkono huu, nikavuta ule, huku yeye sasa ameishika patasi kwa mikono yote miwili. "Vuta sawasawa, baba," alikuwa akiniambia. "Ukivuta kwa pupa utanikata mimi." Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane, na mikono iliniuma hata kula ilikuwa taabu.

Alikereza miguu ya samadari, vijiti vya migongo ya viti, na vishikio vya milango. Rangi hakupaka kwa brashi. Alichukua kipande cha lakiri, nyekundu au nyeusi au ya manjano, akakikandamiza kwenye mti unaozunguka. Joto la msuguano likaiyeyusha, ikajipaka yenyewe mviringo mmoja baada ya mwingine. Kisha akaifuatia kwa jani kavu mpaka ikang'aa kama kioo. Ufundi huo ni ndugu wa ule wa Kutch na Gujarat ng'ambo ya bahari, na pepo za kaskazi zilizoleta majahazi zilileta na vitanda, na nyuma ya vitanda wakaja wanaojua kuvitengeneza.

Lakini babu hakuwahi kukereza chombo chenye tumbo. Siku moja nilimwuliza kwa nini asitengeneze mtungi wa mti, kwa kuwa mitungi ya udongo ilikuwa ikivunjika kila mwezi nyumbani kwetu na mimi ndiye niliyekuwa nikipigwa. Hakucheka. Aligusa msumari wa kulia kwa kidole, akasema, "Mdomo umezibwa." Sikumwelewa, naye hakuongeza neno.

Nilimwelewa baada ya miaka mingi. Mti ukibanwa baina ya ncha mbili, ncha moja imekaa pale pale unapotaka kupitisha patasi. Ukiiondoa, mti unaanguka. Hilo ndilo fundo lililowasumbua wakerezaji wa dunia nzima, na historia ya vyombo vya mti vyenye uwazi ndani, kwa jinsi ninavyoiona mimi, ni historia ya namna walivyolizunguka fundo hilo, na mwishowe walivyolifungua.

Mwaka 1969, nikiwa chuo cha ualimu, niliona katika kitabu cha historia ya zana picha iliyochongwa katika kaburi la Petosiris, kuhani wa Misri, huko Tuna el-Gebel. Kaburi hilo ni la yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na picha hiyo huhesabiwa kuwa ya kale kuliko zote zinazoonyesha keezo. Wamo watu wawili. Mmoja ameshika chombo cha kukatia. Mwenzake anavuta kamba. Mchoraji ameuonyesha mti kama uliosimama wima, na wataalamu wamebishana ikiwa kweli ulisimama au ni desturi ya wachoraji wa Misri tu. Mimi sikujali umesimama au umelala. Niliyemtazama ni yule wa kamba. Nilimjua. Nilijua hata mahali mikono inapomwuma.

Njia ya kwanza ya kulizunguka fundo ilikuwa kuacha kishina katikati. Katika mji wa York, Uingereza, uko mtaa uitwao Coppergate, jina lenye asili ya lugha ya Waviking na maana yake ni mtaa wa watengeneza vikombe. Wachimbaji wa mambo ya kale walipouchimba baina ya mwaka 1976 na 1981 walikuta ardhini masalio ya kazi hiyo, yakiwemo yale makonyo ya mti yaliyobaki baada ya mabakuli kukamilika. Mafundi wale walitumia keezo la kukanyaga. Kamba ilitoka kwenye ufito unaopindika kule juu, ikazunguka kazi, ikashuka hadi kwenye ubao wa mguu. Fundi akikanyaga mti unazunguka kwake, akiachia ufito unaurudisha. Bakuli lao lilibanwa kwa ncha mbili kama kazi ya babu, ila walilichimba kuuzunguka mhimili wa katikati kwa vyuma vyenye ndoano, wakauacha kama kitovu, na mwisho wakauvunja na kuparuza kovu lake.

Basi kwa njia hiyo Ulaya ilipata mabakuli na sahani zake kwa mamia ya miaka. Manowari ya Mary Rose ilipozama mwaka 1545 ilikwenda chini na vyombo vya mti vya mabaharia, na ilipoopolewa mwaka 1982 vilipatikana vingali na umbo lake. Lakini utaona, msomaji, kwamba kishina kinafaa kwa bakuli tu. Bakuli lina mdomo mpana. Chombo chenye mdomo mdogo hakina nafasi ya kishina na patasi kwa pamoja.

Fundi wa mwisho wa ukoo huo aliyejulikana sana Uingereza ni George Lailey, wa Bucklebury katika wilaya ya Berkshire. Alirithi kazi hiyo kwa wazee wake, akajifulia mwenyewe vyuma vyake vyenye ndoano, na sifa yake kubwa ilikuwa kutoa bakuli ndani ya bakuli kutoka kigogo kimoja, dogo ndani ya kubwa, bila kupoteza mti. Alifariki mwaka 1958 akikaribia miaka 90, na hakuacha mwanafunzi wa kuishika kazi. Keezo lake likachukuliwa na makumbusho ya maisha ya shambani ya Chuo Kikuu cha Reading.

Huko nililiona kwa macho yangu. Mwaka 1986 nilipelekwa Reading kwa masomo ya miezi tisa, na Jumamosi moja yenye baridi niliingia makumbusho hayo kutafuta joto, kusema kweli, wala si elimu. Nikakikuta kile chombo. Mbao zake nyeusi kwa jasho na mafuta ya mikono, zimelika pale mguu ulipokanyaga. Kibao kidogo kilieleza jina la mwenyewe na mwaka aliofariki. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniuliza kwa adabu kama najisikia vibaya.

Sasa nieleze kwa nini nilisimama hivyo. Babu alifariki mwaka 1971, wakati wa masika. Siku ya arobaini yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kuni zilikuwa zimelowa, masufuria ya pilau yalikuwa yanatoa moshi tu, na watu walikwisha anza kufika. Mmoja wa wapishi akaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mjukuu mkubwa na tayari ni mwalimu mwenye viatu, akaniuliza kuhusu zile mbao kavu zilizo kibandani. Nilizitazama. Nikaona magogo mawili ya mti mgumu na uta uliokatika kamba. Nikasema, "Chukueni."

Hakuna aliyenilaumu. Bibi aliona, akanyamaza. Pilau iliiva vizuri, na watu walishiba, wakamwombea marehemu. Asubuhi yake nilikwenda kutafuta ile misumari miwili kwenye majivu, sijui kwa nini, na sikuiona. Nadhani watoto walikwisha iokota. Nilikuwa na miaka 24, na nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari za viwanda. Nani angeona lolote katika keezo la sakafuni? Hiyo ndiyo hoja niliyojipa kwa miaka kumi na mitano, na ilinitosha mpaka siku ile ya Reading, nilipoona kwamba wenzetu waliokuwa na viwanda kabla yetu walilihifadhi la kwao.

Tuendelee na mdomo uliozibwa. Ufunguo wa fundo ulikuwa kuushika mti kwa upande mmoja tu, ukazungushwa bila kurudi nyuma, ama kwa gurudumu kubwa, ama kwa mguu, ama kwa maji, na baadaye kwa umeme. Ukiwa na kichwa cha chuma chenye nguvu ya kuubana mti kwa kitako, ncha ya pili huihitaji tena, na mdomo u wazi. Mambo haya yalikuzwa zaidi na wanaokereza pembe za ndovu na chuma kuliko wanaokereza mti. Wafalme wenyewe walikuwa wakikereza kwa kujifurahisha; Tsar Peter wa Urusi alikuwa na mashine zake na fundi wake Andrey Nartov, na baadhi ya mashine hizo zimehifadhiwa katika jumba la Hermitage, St Petersburg. Sina mengi ya kusema juu ya wafalme. Pembe walizokereza hazikuota Urusi.

Waliopita wote kwa kazi ya ndani kwa ndani ni Wachina wa Canton. Walichukua tufe la pembe, wakalitoboa matundu yanayokutana katikati, na kwa vyuma vilivyopindwa mithili ya herufi L wakatenga tufe ndani ya tufe ndani ya tufe, kila moja likizunguka peke yake ndani ya jingine, na hakuna kiungo. Wenyewe wakaiita kazi ya mashetani. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliandika kwamba pembe kutoka nchi ya Zanj, yaani mwambao wetu huu, zilipelekwa Oman na kutoka huko zikafika India na China. Kwa hiyo chuma kilichopindwa na malighafi ya kwetu walijuana zamani sana. Sisi tu ndio hatukuwepo walipokutana.

Kwa upande wa mti, chombo chenye tumbo pana na mdomo mdogo kilichelewa kuliko mtu anavyodhania. Kilistawi Marekani, karne ya 20, tena si kwa sababu ya haja, maana plastiki na vioo vilikwisha ondoa haja yote, bali kwa watu waliotaka kujua kama jambo hilo linawezekana. Melvin Lindquist alikuwa mtu wa viwanda, akifanya kazi General Electric huko Schenectady, na nyumbani alikereza vyombo vya maua kwa magogo yaliyoanza kuingia ukungu, ambayo seremala wa kawaida angeyatupa, kwa kuwa ukungu huo huchora mistari myeusi ambayo hakuna binadamu awezaye kuichora. Ed Moulthrop, msanifu wa majengo wa Atlanta, alikereza vyombo vikubwa kama mitungi ya maji, na ili visipasuke aliviloweka katika dawa iitwayo polietilini glaikoli, inayoingia ndani ya mti na kukaa mahali pa maji. Dawa ya jinsi hiyo hiyo ndiyo iliyonyunyiziwa mbao za Mary Rose kwa miaka mingi, tangu 1994 hadi 2013, zisisinyae.

Na katikati ya miaka ya 1970 akaja David Ellsworth, aliyepinda vyuma vyake na kuviingiza katika tundu dogo, akakata kuta za ndani asizoziona, mpaka unene ukabaki milimita chache tu. Mwaka 1986 wakerezaji wa Marekani walipounda chama chao, yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza. Habari zake nilizisoma katika majarida niliyokuwa nikipewa na rafiki mmoja wa kule, nayo yakawa Qurani yangu ya karakana, Mungu anisamehe.

Jambo lililonishika ni hilo la kutoona. Mkerezaji wa miguu ya vitanda huona kila anachokata. Mkerezaji wa tumbo hafanyi kazi kwa macho hata kidogo. Chuma kimeingia mdomoni, kimekata kona, na ncha yake iko mahali ambapo taa haifiki. Unasikiliza. Ukuta ukiwa mnene sauti ni nzito kama ya kinu. Ukianza kuwa mwembamba sauti hubadilika, na mtetemo hupanda katika mpini hadi kiwikoni. Kila baada ya muda lazima usimamishe mashine na kumwaga maranda, maana hayana pa kutokea, yakijaa hukishika chuma na kukirusha. Unene hupimwa kwa waya uliopindwa. Anayeharakisha huona mwanga wa jua ukitokea ubavuni, na siku hiyo kazi imekwisha.

Mimi nilianza baada ya kustaafu, kwa mashine kuukuu ya chuo kimoja cha ufundi, kwa ruhusa ya mkuu wake. Vyuma vyangu vya kwanza nilivitengeneza kwa tupa za zamani, na kimoja kilivunjika kama kigae, kikanikata shavuni karibu na jicho. Tupa ni ngumu lakini haijui kupinda. Yeyote atakayesoma haya asiitumie. Mhunzi mmoja akanifulia vingine kwa springi ya lori, na hivyo ndivyo ninavyo hadi leo. Nilitoboa vyombo vinne. Cha tano ndicho hiki.

Mti wake ni ule mwembe uliokuwa ukikifunika kivuli kibanda cha babu. Ulikatwa mwaka 2009, kiwanja kilipouzwa, nami nikaomba kipande cha shina. Niliukereza ukiwa mbichi, na maji yalinirukia usoni kama manyunyu. Ubavu ulikuja vizuri, milimita tano kila mahali, sauti ikapanda kama inavyotakiwa. Nilipofika kitakoni nikaogopa. Nilikwisha toboa vinne, na mti huu nisingeupata tena. Nikaacha kitako kinene, zaidi ya mara tatu ya ubavu. Mti mbichi ukikauka husinyaa, na ukuta mwembamba hukauka upesi kuliko kitako kinene. Huku kunavuta, kule kunakataa. Wiki ya tatu, usiku, nilisikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjwa. Sikuamka kutazama.

Mwaka jana kijana wa jirani, anayefanya kazi karakana ya milango, alianza kuja kwangu kila Jumamosi kujifunza kukereza. Ana mkono mzuri kuliko wangu. Siku moja akaniomba, "Babu, nionyeshe hilo keezo la chini lilivyokuwa." Nikampa mbao mbili, tukapigilia misumari, tukapinda uta kwa ufito wa mkoko, tukabana mpini wa jembe katikati. Kamba niliizungusha bila kufikiri, mikono yangu ilikuwa inajua. Kisha nikaketi sakafuni, nikachukua patasi kwa mkono wa kushoto, na nikakwama. Nilijaribu kuiongoza kwa mguu wa kulia. Ikateleza. Nikajaribu wa kushoto, baina ya kidole gumba na cha pili, ikateleza pia. Kijana akaniuliza ni mguu upi.

Wapita njia wote wa Ngamiani walikuwa wanajua. Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo, nikivuta kamba, macho yako njiani kuona kama wenzangu wamekwisha kwenda mpirani.